Gundi ya Zamani Chini ya Pasi

Juzi binti yangu aliniuliza kwa nini, kila tunapofika mahali watu wanapouza vyombo vyao vya ndani, mimi huinamisha meza na kuchungulia tumboni mwake kabla ya kuutazama uso wake. Nilimjibu kwamba uso hupakwa rangi na tumbo halipakwi. Yeye aliridhika, lakini mimi mawazo yalinirudisha kwenye ile meza ya kuandikia ambayo mjomba nami tuliinunua katika gereji ya mama mmoja aliyekuwa akihama.

Meza ilikuwa imesukumwa ukutani na kubebeshwa ndoo na masanduku, ikiwa imepakwa rangi nzito ya maziwa iliyofunika hata vishikio vya droo. Waliotutangulia walikuwa wamechukua viti vyote na kuiacha hiyo. Mjomba hakusema neno. Alichomoa droo moja, akaigeuza, akanipa niishike. Pembe zake hazikuwa na msumari hata mmoja. Ubao wa mbele na wa ubavuni ulikuwa umechongwa meno yanayopanuka kuelekea nchani, nayo yaliingiana kiasi kwamba kadiri droo inavyovutwa ndivyo yanavyozidi kukazana. Upana wa meno hayo haukulingana, na kando yake ilionekana mistari myembamba ambayo fundi aliikwaruza alipokuwa akipima. Hapo palikuwa na mkono wa mtu. Skrubu chache zilizoshikilia uso wa meza zilikuwa na mfuo mmoja ulionyooka kichwani, ilhali zile za alama ya msalaba zilianza kuenea viwandani katika miaka ya 1930. Skrubu peke yake si ushahidi, kwa kuwa za mfuo mmoja hutengenezwa hata sasa, lakini dalili zinapokubaliana mnunuzi ana sababu ya kuziamini.

Bei tulielewana upesi. Mwenye meza alituambia kuwa ilikuwa ya marehemu mumewe, na ombi lake lilikuwa moja tu.

“Wanangu, msije mkaipasua kuni.”

“Haitapasuliwa, mama,” mjomba akamjibu, na kwa uzito aliolisema neno hilo nilijua kwamba kazi yetu imeshaanza.

Kazi ya kuondoa rangi ilikuwa ndefu, lakini haina mengi ya kusimulia. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo Marekani iliyapiga marufuku katika rangi za nyumba mwaka 1978, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Kwa hiyo mjomba alikataa katakata msasa mkavu, tukailainisha rangi kwa dawa ya kubandulia na kuikwangua ikiwa mbichi. Chini yake tulikuta mng'ao wa kahawia. Alichovya kitambaa katika spiriti, akakisugua mahali pasipoonekana, na kitambaa kikageuka rangi ya asali. Hiyo ilikuwa shelaki, utomvu ambao wadudu wadogo huuacha kwenye matawi ya miti, hasa India na Thailand, na ambao huyeyuka katika spiriti hata baada ya miaka mingi. Nilifurahi kwamba mashine ya msasa haikuhitajika, maana uso wa meza ulikuwa wa vinia, yaani ganda jembamba la mti wa thamani lililogundishwa juu ya mbao za kawaida, na ganda la namna hiyo mashine hulitoboa kabla mkono haujashtuka.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Katikati ya uso, vinia ilikuwa imevimba, na mjomba alipoigonga kwa kifundo cha kidole ilitoa sauti ya utupu. Nilidhani ataikata. Badala yake alitandika kitambaa chenye unyevu, akaweka juu yake pasi ya nguo yenye joto la wastani, akahesabu kimoyomoyo midomo ikimcheza, akaiinua, akairudisha. Ukapanda mvuke, na ndani ya mvuke harufu ya ngozi iliyochemshwa. Aliniita niiname karibu. Gundi ya mafundi wa zamani ilipikwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama. Joto na unyevu huilainisha, na ikipoa hushika tena. Kwa hiyo kilichokuwa kikinukia ni gundi ileile aliyoipaka fundi tusiyemjua, nayo ilikuwa ikiamka mbele yetu. Tulisikia mlio mdogo, uvimbe ukalala, mjomba akafunika mahali pale kwa karatasi na kipande cha ubao, akavikaza kwa jiliwa, kile chombo cha kubania mbao. Kesho yake aliniachia mimi nigonge. Sauti ilikuwa nzito, imeshiba.

Sijaacha kumstahi fundi yule. Alichagua vitu vinavyokubali kufunguliwa, kuyeyushwa na kushikamanishwa upya, kana kwamba alitarajia kuwa siku moja mtu mwingine ataingiza mkono katika kazi yake. Gundi ya epoksi ina nguvu sana, lakini ikishakauka na kuachia haiwezi kuamshwa kwa pasi.

Palibaki doa la wino, upande wa kulia, mahali ambapo mkono wa mwandishi hutulia. Mjomba alileta asidi ya oksaliki, ambayo hufifisha madoa ya wino wenye chuma, akavaa glavu. Nilimwomba asiliguse. Nilimweleza kwamba doa lile ni la marehemu aliyeitumia meza, kwamba liliingia siku kwa siku akiwa kazini, na kwamba tukilitoa tutakuwa na meza safi isiyo ya mtu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaifunga chupa, na doa lipo mpaka leo. Lakini kabla ya kuvua glavu aliniuliza kwa upole kuhusu ile rangi ya maziwa tuliyoikwangua bila kumuuliza mtu. Nayo ilipakwa na mkono wa mtu, huenda yule mama mwenyewe, akitaka meza ya mumewe ipendeze chumbani. Tangu siku ile natafuta kipimo kilichoniruhusu kuondoa kimoja na kukitetea kingine, na kila nikidhani nimekipata, hakivuki swali la mjomba.