Kabla sijakuuzia omeprazole, niambie unameza nini kingine

Famasi ninayofanya kazi iko Tandika, karibu na soko. Ukiacha panadol, hakuna dawa inayotoka kama omeprazole. Dar hii ya chipsi mayai na pilipili, kila mtu ana "vidonda vya tumbo", awe amepimwa au hajapimwa.

Wiki iliyopita aliingia mzee mmoja, fundi wa kuchomelea mageti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nipe omeprazole, hii dawa ya ini inanichoma tumbo."

Nikamuuliza dawa gani ya ini. Akatoa kichupa mfukoni: sofosbuvir na velpatasvir, dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, kila siku kwa wiki 12. Anatibiwa homa ya ini C. Nikairudisha omeprazole kwenye shelfu, naye akanuna kweli kweli.

Velpatasvir inataka asidi ya tumboni ili iyeyuke na kuingia kwenye damu. Omeprazole kazi yake ni kupunguza hiyohiyo asidi. Kwa hiyo mtu anameza kidonge kila siku bila kuruka, na damuni inafika pungufu. Ikilazimu kuzitumia zote, daktari ndiye apange: kidonge cha ini kiende na chakula, omeprazole ya miligramu 20 ifuate masaa manne baadaye. Hata zile dawa nyeupe za maji za kutuliza asidi, zitenganishwe nacho kwa masaa manne.

Ninachokasirikia ni hiki: kwa kuwa dawa hizi zinaponya zaidi ya watu 95 katika 100, anayebaki na kirusi anaitwa mzembe papo hapo. Wapo wanaoruka dozi, sikatai. Lakini nani alimuuliza anameza nini kingine? Rifampicin ya kifua kikuu, carbamazepine na phenytoin za kifafa, hizo hazichanganywi na kidonge hiki cha ini kabisa, maana zinaishusha mno dawa yake mwilini. Na ile chupa isiyo na lebo ya "kusafisha ini" inayouzwa stendi, aliyeichemsha ndiye anayejua alichotia.

Dawa ikiwa pungufu, kirusi kinaendelea kuzaliana, na vile vyenye mabadiliko vinavyohimili dawa ndivyo vinavyobaki. Hapo daktari anaweza kuhitaji mchanganyiko mwingine, ule ulioongezwa voxilaprevir.

Pengine mgonjwa hana kosa lolote. Ini lililokwisha kuwa na makovu mengi ni gumu zaidi kutibika. Kuna na aina ya kirusi: hapo jirani Rwanda, watafiti walitibu watu kwa sofosbuvir na ledipasvir, na wenye aina ndogo ya 4r waliopona walizidi nusu kidogo tu, ilhali wengine wengi walipona. Mwingine anapona kabisa, kisha anaambukizwa upya kwa sindano ya kuchangia, kwa sababu kupona homa ya ini C hakukupi kinga.

Halafu kuna wanaokuja wakilia kwamba dawa imegoma, kumbe wamepimwa kile kipimo cha haraka cha tone la damu ya kidole. Hicho kinatafuta kingamwili, yaani alama ambayo mwili unaitengeneza ukikutana na kirusi, na kingamwili hubaki miaka mingi baada ya kirusi kuondoka. Omba kipimo cha RNA ya kirusi, yaani kinachotafuta kirusi chenyewe kwenye damu, wiki 12 baada ya kumeza kidonge cha mwisho.