Siku Moja na Gari la Paa la Kufunguka

Saa 11:40 alfajiri

Upepo wa matairi hupimwa gari likiwa limelala. Likishatembea, matairi yanapata moto, hewa ndani inatanuka, na geji inakusomea namba kubwa kuliko ilivyo. Kwa hiyo nawahi karakana kabla ya mafundi, giza bado halijaondoka, nachuchumaa gurudumu kwa gurudumu.

Mimi ni dereva wa majaribio. Gari likitoka mikononi mwa mafundi, mimi ndiye wa mwisho kulikalia kabla mwenyewe hajaja kulichukua. Mwenyewe akitaka, natoka naye barabarani nimwonyeshe gari lake linataka nini.

La leo ni Porsche 911 Turbo S Cabriolet, toleo lililotoka mwaka 2020, la kijivu kilichokolea na paa jeusi la kitambaa. Limewekewa matairi mapya mawili ya nyuma na pedi mpya za breki. Matairi hayo ya nyuma yana upana wa milimita 315 kwenye rimu za inchi 21; ya mbele ni milimita 255 kwenye rimu za inchi 20. Ukiinama nyuma ya gari unaelewa sababu, maana injini nzima imekaa huko, nyuma kabisa ya ekseli. Ni lita 3.8, silinda 6 zilizolala tatu kila upande, turbo mbili, yaani pampu za kusukumia hewa ndani ya injini, nguvu za farasi 650. Kila gurudumu linashikwa na nati moja kubwa ya katikati, inayokazwa kwa Nm 600 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Fundi mmoja anakanyaga breki ndani, mwenzake analalia mpini mrefu wa spana mpaka ulie. Walikaza jana jioni. Nakagua tena moja moja, kwa sababu mwili utakaokuwa ndani ni wangu.

Saa 12:30 asubuhi

Napiga stata. Ikiwa baridi, injini hii hunguruma kwa sauti nzito kwa muda mfupi, kisha inatulia yenyewe. Watu wengi wakiona maji yamepata moto wanadhani kazi imekwisha. Maji hupata moto mapema, oili huchelewa, na oili ndiyo inayolinda vyuma. Natoka taratibu, mshale wa mizunguko ya injini siuruhusu upite 3,000 kwa dakika mpaka oili ifike nyuzi 80. Hiyo ni sheria yangu mwenyewe na sijawahi kuivunja kwa gari la mtu.

Paa bado nimelifunga. Kwanza nasikiliza kama kuna kitu kinagonga, kinasaga au kinapiga mluzi. Upepo ukiingia ndani, sauti ndogo zinapotea.

Saa 1:15

Hakuna kilichogonga. Barabara iko tupu, nashuka hadi kilomita 40 kwa saa na kushika kitufe. Paa hili hufunguka gari likitembea, mradi usizidi kilomita 50 kwa saa, na linamaliza kwa sekunde 12 hivi. Vioo vyote vinne vinashuka. Kifuniko cha nyuma kinainuka kama mdomo. Kitambaa kinajikunja juu ya mbavu zake, kinalala mle ndani, kifuniko kinarudi juu yake. Nimeliona tendo hilo mara mamia, na bado sekunde ile ya kwanza, anga linapotokea juu ya kichwa changu, huwa navuta pumzi.

Sasa niseme jambo ninaloliamini kuhusu magari haya. Gari lenye kasi kubwa mno lina tabu moja: likifungwa paa, linaficha mwendo. Limetulia, kimya, kiti kimekubeba, na ukitupa jicho kwenye dashibodi unakuta uko kilomita 140 huku mwili wako ukidhani ni 80. Kwa hiyo dereva anaongeza, anatafuta ile hisia aliyolinunulia gari, na hisia inazidi kukimbia mbele yake. Ukifungua paa, hisia inakuja yenyewe. Kwa kilomita 80 unasikia turbo zikivuta hewa nyuma ya masikio yako. Ukiachia mafuta, unasikia zinapumua. Ukipita kando ya ukuta wa mawe, mlio wa ekzosi unarudi kwako kama mtu anayekuitikia. Harufu ya nyasi zilizokatwa inaingia, kisha harufu ya lami ya moto, kisha baridi ya kivuli cha miti inakupita shingoni na kuondoka. Gari linaloweza kufika kilomita 330 kwa saa linakushibisha kwa robo ya mwendo huo.

Kuna watakaobisha kwamba gari la paa gumu ni bora. Kwa vipimo, wana hoja. Paa la chuma ni sehemu ya mifupa ya gari. Ukiliondoa, lazima uongeze nguvu chini na pembeni ili bodi isijipinde kwenye kona. Hili la kufunguka lina uzito wa kilo 1,710, lenye paa gumu ni 1,640. Kilo 70 hizo zinagharimu sehemu moja ya kumi ya sekunde kutoka kusimama hadi kilomita 100. Mimi naitoa sehemu hiyo ya kumi kwa roho safi.

Saa 3:00

Uwanja wa majaribio, barabara iliyofungwa. Kazi hapa ni kuzoesha pedi mpya na diski. Napandisha hadi kilomita 100, nakanyaga breki kwa nguvu ya wastani hadi 30 bila kusimama, naachia, natembea kidogo zipoe, narudia. Mara ya kwanza breki zinalalamika kwa sauti ya kukwaruza. Kufikia mara ya nane kanyagio limekuwa gumu na lenye jibu chini ya kidole gumba cha mguu, kila milimita ina maana yake. Diski ni za kauri na kaboni, nyepesi kwa karibu nusu ukilinganisha na za chuma, na wepesi huo unausikia kwenye usukani, magurudumu yanapofuata mashimo badala ya kuyapiga.

Leo sikujaribu kulirusha gari kutoka kusimama. Matairi mapya bado yana utelezi wa kiwandani juu yake, yanahitaji kilomita mia kadhaa za uungwana. Lakini nimefanya siku nyingine, na kila ninayekaa naye huniuliza inakuwaje. Unakanyaga breki kwa mguu wa kushoto, mafuta mpaka mwisho kwa wa kulia, injini inapanda na kushikilia hapo, kisha unaachia breki. Sekunde 2.8 baadaye uko kilomita 100 kwa saa. Piga hesabu: ni karibu nguvu ileile ambayo dunia inatuvutia chini. Ndiyo maana mwili unachanganyikiwa. Kwa sekunde hizo mgongo wa kiti unakuwa sakafu, unajiona umelala chali na barabara iko juu yako. Machozi hukutoka kuelekea masikioni. Nimeona watu wazima wakicheka bila kujua wanacheka.

Saa 7:00 mchana

Nimeosha paa. Hapa magari mengi ya aina hii huharibika, polepole, kwa mikono ya wenyewe. Kitambaa kinataka brashi laini, maji ya kawaida, kusuguliwa kufuata nyuzi zake. Mpira wa maji wa shinikizo kali ukiuleta karibu unang'oa kinga yake na kufungua mishono. Halafu lisikunjwe likiwa bichi. Kitambaa kibichi kikifungiwa mle nyuma kinaota ukungu, na harufu yake haitoki. Nikapaka dawa kwenye mipira ya milango na ya ukingo wa kioo cha mbele, nikaliacha kivulini likauke.

Saa 9:45 alasiri

Mwenyewe amefika. Mzee wa miaka sitini na kitu, anatembea taratibu, mikono nyuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Gari langu limesemaje?"

Nikamweleza ya matairi na pedi. Akatikisa kichwa, kisha akaniambia kitu kilichonichoma: tangu alipolinunua, paa amelifungua mara tatu tu. "Upepo unanipiga kisogoni. Mimi nakwenda mbele, upepo unatoka nyuma. Na mtu akiwa pembeni hatusikizani. Nikaona bora lifungwe, nikimbie."

Nikamwomba nusu saa ya muda wake.

Saa 10:10

Yeye anaendesha, mimi niko pembeni. Nikamwambia afungue paa, aende kilomita 80, asifanye kingine chochote. Upepo ukaja vilevile alivyosema, nywele za kisogoni zikaanza kucheza.

"Umeona?" akapaza sauti.

Nilimweleza alichokuwa anapigwa nacho. Hewa inapanda juu ya kioo cha mbele na kuruka vichwa vyetu. Nyuma ya kioo panabaki pengo, na hewa ya nyuma ya gari inarudi kwa haraka kulijaza. Wa kupigwa ni kisogo. Nikamwonyesha kitufe cha kizuia upepo, wavu unaojiinua nyuma ya viti vya mbele kwa sekunde 2 hivi, hata ukiwa mwendo wa kilomita 120. Akabonyeza. Nikamwambia apandishe na vioo vya pembeni.

Ukimya ule siwezi kuuelezea vizuri. Anga lilikuwa bado juu yetu, jua bado kwenye mapaja, lakini upepo ulitupita juu kama mto unaopita juu ya jiwe. Mzee akanyamaza kwa kitambo. Kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, ya kumjaribu mwenzake kama atasikia, "Unanisikia?"

"Nakusikia, mzee."

"Miaka miwili," akasema. Hakuongeza neno.

Baadaye akauliza swali ambalo wengi huona aibu kuliuliza: likipinduka je? Nikamgeuza atazame nyuma ya viti tulipokuwa tumesimama. Mle ndani zimefichwa nguzo mbili zinazoruka juu kufumba na kufumbua vipima vya gari vikihisi linapinduka, na fremu ya kioo cha mbele imeimarishwa kubeba uzito pamoja nazo. Swali lake ni la zamani. Hofu ya kupinduka, na ya sheria ambazo Marekani ilitarajiwa kuzitunga, ndiyo iliyowafanya Porsche watoe 911 Targa mwaka 1965, yenye upinde mpana wa chuma nyuma ya viti. 911 iliyo wazi kabisa, ya kuuzwa, ilisubiri hadi mwaka 1982 ndipo ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya magari ya Geneva.

Saa 10:50

Kona za kilimani. Hapa nilikuwa mkali kidogo. Mzee anaingia kona kwa kasi, anashtuka katikati, anaachia mafuta yote. Katika gari lenye injini nyuma, hilo ndilo tendo la hatari kuliko yote. Ukiachia mafuta ghafla, uzito unakimbilia mbele, matairi ya nyuma yanabaki mepesi, na mzigo ule wote wa injini unataka kuendelea moja kwa moja wakati pua imeshageuka. Vidhibiti vya kompyuta vinakuokoa mara nyingi, lakini havibadilishi sheria za uzito.

Nikamsimulia yaliyonipata mwanzoni mwa kazi hii, katika gari jingine lenye injini nyuma, barabara ikiwa imeloa. Niliachia mafuta katikati ya kona kama yeye. Mkia ukaondoka kimya kimya, nikazunguka nusu duara, nikasimama nikitazama nilikotoka. Hakuna aliyeumia, gari halikugusa kitu. Nilikaa pale nimeshika usukani mpaka mikono ikaacha kutetemeka.

"Maliza breki zako kabla ya kugeuza usukani," nikamwambia. "Ingia polepole kuliko unavyotaka. Ukiwa ndani ya kona, shikilia mafuta kidogo tu, gari likae. Ukiona njia imenyooka, ndipo ukanyage."

Tukarudia kona ileile mara nne. Ya nne aliingia taratibu, mguu ukatulia, nyuma ikashuka na kushika lami, na gari likatutoa kwenye kona kama mkono unaokusukuma mgongoni kwa upole. Paa likiwa wazi aliyasikia yote: matairi yakinong'ona, injini ikibadili sauti kutoka kukoroma hadi kulia. Akanitazama haraka, akarudisha macho barabarani.

Juu kabisa akaegesha na kuzima injini. Ekzosi zilikuwa zinapoa, tik, tik, tik, chuma kikirudi kwenye umbo lake. Akaisikiliza mpaka ikaisha.

Saa 11:40 jioni

Nimejaza fomu, nimeandika kilomita, nimemkabidhi ufunguo. Akaniambia, "Asante, mwanangu," akapanda. Nilidhani atafunga paa, jua lilikuwa linazama na baridi imeanza. Akapandisha vioo, akainua ule wavu, akawasha kipasha joto cha kiti, akaondoka lilivyo.

Kutoka getini kwetu barabara inanyooka kidogo, halafu inapinda kushoto nyuma ya miti ambako gari halionekani tena. Nilisimama nikisikiliza. Gia ya pili, ya tatu. Kisha, kabla kabisa ya kona, nikasikia ameachia, breki, injini ikashuka. Akageuza. Sauti ikabaki palepale, imeshikiliwa, haipandi wala haishuki, kwa urefu wa kona yote. Halafu akakanyaga.