Lino Muñoz na safari zake mbili za Olimpiki

Nilianza kumfuatilia Lino Muñoz mwezi Agosti 2016, na sikuwa nimekaa mbele ya runinga kwa ajili yake. Nilitaka kumtazama Kidambi Srikanth wa India, aliyekuwa akicheza mechi yake ya kundi ya badminton, mchezo wa kupigiana kinyoya kwa raketi juu ya wavu, katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, na Muñoz, kijana wa Mexico wa upande wa pili wa wavu, nilikuwa silijui hata jina lake. Srikanth alishinda seti ya kwanza kwa 21-11, kama wengi tulivyotarajia, lakini ya pili ikaisha 21-17, na zile pointi 17 zikanifanya nitafute habari za aliyezipata. Siku chache baadaye Srikanth huyohuyo alifika robo fainali na kumlazimisha Lin Dan wa China, bingwa wa Olimpiki mara mbili, kucheza seti tatu. Nilipoona hivyo nikazidi kuiheshimu ile seti ya pili.

Muñoz alizaliwa Februari 1991, kwa hiyo alikuwa na miaka 25 alipofika Rio. Badminton iliingia rasmi kwenye Olimpiki mwaka 1992 kule Barcelona, na tangu hapo Wamexico waliopata nafasi ya kuicheza huko ni wa kuhesabika. Victoria Montero alishiriki upande wa wanawake jijini London mwaka 2012. Muñoz alifuata Rio, kisha akafuzu tena kwa michezo ya Tokyo, safari hii pamoja na Haramara Gaitán upande wa wanawake. Mtu anayefuatilia badminton ya Denmark au Indonesia anaweza kuona hayo ni machache, lakini kwangu kufuzu mara mbili kutoka katika nchi ambayo macho yote yapo kwenye soka na ndondi ni kazi inayostahili kusimuliwa kwa utulivu.

Kufuzu kwenyewe ndiko kunakochosha. Nafasi hutolewa kwa orodha ya viwango vya dunia, na orodha hiyo huhesabu mashindano 10 ambayo mchezaji alifanya vizuri zaidi ndani ya wiki 52. Ukiwa Mzungu wa Ulaya Magharibi, mashindano yako mengi yako umbali wa safari fupi ya treni au ndege. Mchezaji wa Mexico hukusanya pointi zake katika mashindano madogo yaliyotawanyika katika mabara mawili ya Amerika, kisha huvuka bahari kutafuta nyingine, na akitolewa raundi ya kwanza anaanza kufikiria safari ya kurudi kabla jasho halijakauka. Mwishoni mwa mwaka 2015, katikati ya mbio za kuelekea Rio, Jiji la Mexico liliandaa mashindano ya ngazi ya Grand Prix, mojawapo ya madaraja ya mashindano ya kimataifa ya wakati huo, na naamini wiki kama ile, ambayo dunia inakuja nyumbani kwako badala ya wewe kuifuata, ina thamani ambayo orodha ya matokeo haiwezi kuionyesha.

Jiji hilo lina jambo jingine ambalo wachezaji wa vinyoya wanalijua vizuri. Liko takribani mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Kinyoya cha mashindano hutengenezwa kwa manyoya 16 yaliyopachikwa kwenye kitako cha koki, uzito wake ukiwa kati ya gramu 4.74 na 5.50, na kitu chepesi namna hiyo hutegemea hewa izuie kasi yake. Hewa ikipungua, kinyoya hakipungui kasi upesi. Kanuni zinaeleza jinsi ya kukipima: unasimama kwenye mstari wa nyuma, unakipiga kutoka chini kwenda juu kwa nguvu zako zote, na kinatakiwa kianguke kati ya milimita 530 na 990 kabla ya kuufikia mstari wa nyuma wa upande wa pili. Nimefanya kipimo hicho mara nyingi, na kila mara hunishangaza jinsi kinyoya kinavyoondoka kama risasi, halafu kikafika mahali kikaonekana kama kimebadili nia na kudondoka karibu wima. Kinyoya kinachofaa ufukweni, ukikipeleka kwenye uwanda wa juu wa Mexico, kitapitiliza mstari, ndiyo maana huko hutumiwa vinyoya vya kasi ndogo zaidi. Rio na Tokyo ziko usawa wa bahari. Anayecheza mara kwa mara kwenye miinuko kama ile, kisha akashuka pwani, lazima aifundishe mikono yake upya, hasa mapigo ya kudondosha karibu na wavu, ambapo tofauti ya sentimita chache huamua nani anapata pointi.

Michezo ya Tokyo, iliyosogezwa hadi 2021, ilimkuta Muñoz akiwa na miaka 30. Alipangwa Kundi C pamoja na Ng Ka Long Angus wa Hong Kong, aliyepewa nafasi kubwa, na Kevin Cordón wa Guatemala, mkongwe wa mkono wa kushoto aliyekuwa na miaka 34. Katika badminton ya Olimpiki kundi kwa kawaida huwa na wachezaji watatu, na anayeongoza peke yake ndiye anayesonga mbele, kwa hiyo kupoteza mechi moja mara nyingi ni kufungasha mizigo. Ukumbi wa Musashino ulikuwa hauna watazamaji kwa sababu ya janga la korona. Cordón alimshinda Muñoz, akamshinda na Ng, na kundi likafungwa hapo.

Niliumia kwa ajili ya Muñoz, nakiri, ingawa Cordón naye nilikuwa nampenda tangu aliponyakua dhahabu ya Michezo ya Amerika Nzima (Pan American Games) mwaka 2011, mashindano yaliyofanyika Guadalajara, nchini Mexico kwenyewe. Hawa wawili wamelelewa na mfumo mmoja: mashindano yaleyale madogo, ndege zilezile, pointi zilezile chache wanazogombania. Baada ya kutoka katika kundi lile Cordón alimtoa Mark Caljouw wa Uholanzi, akamtoa Heo Kwang-hee wa Korea Kusini, aliyekuwa amemwangusha Kento Momota wa Japani, aliyekuwa akiongoza viwango vya dunia, na akafika nusu fainali, ambapo Viktor Axelsen wa Denmark alimsimamisha. Kabla yake hakuna mwanamume wa Amerika ya Kilatini aliyewahi kufika hapo.

Nilitazama kila mechi yake iliyobaki. Kila alipopata pointi nilimfikiria pia yule mwenzake aliyekuwa ameshaondoka, ambaye siku chache tu kabla alikuwa amesimama upande wa pili wa wavu uleule.