Visoda tisa

Leo nimewafundisha darasa la pili habari za sukari, na hadi sasa, saa nne usiku, roho haijatulia.

Niliingia na chupa tupu ya soda ya kola, ile ya glasi ya mililita 350, pamoja na robo kilo ya sukari niliyonunua kwa Mangi na kijiko cha chai. Watoto hawa huhesabia visoda, basi kila nilipomimina kijiko kwenye glasi, mmoja alikuja kuweka kisoda mezani. Cha nne walicheka. Cha sita nikasimama: Shirika la Afya Duniani lingependa hata mtu mzima asipite hapo kwa siku nzima. Tukaendelea hadi tisa, gramu 37 hivi. Darasa kimya.

Nikawaeleza kwamba vijidudu vya mdomoni hula sukari hiyo na kutoa asidi, na asidi ndiyo inayotoboa jino. Kisha nikasema, "Kwa hiyo soda inaharibu meno."

Binti mmoja wa dawati la mbele akaziba mdomo kwa kiganja. Hakukiondoa mpaka kengele.

Nilipomwita pembeni aliniuliza taratibu, "Madam, na wewe ulikunywa soda nyingi?"

Sisi ni wa Maji ya Chai, kata ya huku Arusha. Meno yake ni ya kahawia, na yangu pia, na ya wengi mle darasani. Maji yetu hupita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru yakichukua madini ya floraidi, nayo hulitia jino doa lingali linaumbwa ndani ya fizi. Mswaki hauliondoi. Mtoto yule pengine hupata soda Krismasi tu, nami nimemfanya aone aibu kwa maji aliyonyweshwa tangu mdogo.

Tena nimekumbuka mama mmoja aliyeniambia humnunulia mwanawe soda akiyaogopa maji. Nilinyamaza siku ile, na ninajuta. Ningemwambia akinge ya mvua, hayo floraidi yake ni kidogo mno, ayatumie kunywa na kupikia.

Nilimjibu binti: "Hapana, mwanangu. Nilikunywa maji ya hapa, kama wewe."

Kesho narudia kipindi. Nitaanza na meno yangu, niwaonyeshe doa la maji lilivyo na tundu la sukari lilivyo, kisha ndipo nitoe visoda.