Kuiandaa Nyumba kwa Majira ya Mapukutiko: Urembo Uje Mwisho

Katika nusu ya kaskazini ya dunia, mchana na usiku hukaribia kulingana tarehe 22 au 23 Septemba, na baada ya hapo giza huzidi kuumega mchana hadi Desemba. Sisi tuliokulia karibu na ikweta, ambako jua huchomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima, mabadiliko haya hutukuta hatujajiandaa, na wengi wetu hukimbilia kununua mapambo ya msimu kabla hatujaikagua nyumba yenyewe. Mimi naona utaratibu huo umepinduliwa: maji na upepo vishughulikiwe kwanza, mapambo yafuate.

Anayeishi katika nyumba yenye paa lake mwenyewe aanze na mifereji ya paa. Majani yakishapukutika huziba mifereji hiyo, maji ya mvua hufurika na kuteremka ukutani, na unyevu huingia ndani polepole. Yale yanayobaki yametuama huganda baridi inapokaza, na kwa kuwa maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, hupasua mfereji au kuulegeza kwenye viungo vyake. Ni kwa sababu hiyo hiyo bomba la bustanini hufungwa kutokea ndani ya nyumba, kisha koki ya nje huachwa wazi ili maji yaliyobaki yatoke.

Rejeta za kupashia joto zinahitaji kupimwa kwa mkono. Ikiwa sehemu ya juu ni baridi ilhali ya chini ina moto, kuna hewa iliyonaswa ndani. Zima mfumo wa joto, subiri rejeta ipoe, kinga kikombe na kitambaa chini ya vali ndogo iliyo pembeni kwa juu, kisha ifungue taratibu kwa kijifunguo chake. Utasikia hewa ikifoka. Maji yakianza kutoka mfululizo, funga. Katika majengo ya ghorofa yenye mfumo mmoja wa wote, ni busara kumwuliza mwenye nyumba kwanza, kwa sababu kupunguza hewa hupunguza pia mgandamizo wa maji katika mfumo. Baada ya hapo sogeza kochi na mapazia marefu mbali na rejeta, la sivyo utakuwa unapasha joto mgongo wa kochi.

Jambo linalotusumbua sisi wageni wa nchi za baridi kuliko yote, hata hivyo, ni ukungu mweusi unaoota pembeni mwa dirisha na nyuma ya kabati. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi, na mvuke huo ukigusa kioo au ukuta wa baridi hugeuka maji; ndiyo maana vioo hutoa jasho asubuhi. Kupika bila kufunika sufuria, kuoga na kuanika nguo ndani huongeza mvuke huo, nasi kwa kuogopa baridi hufunga kila tundu. Dawa yake ni kufungua madirisha wazi kabisa kwa dakika 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa siku, badala ya kuliacha moja likiwa limefunguliwa kidogo tu kutwa nzima, jambo ambalo hupoza kuta bila kubadilisha hewa ipasavyo. Kipima unyevu kidogo cha mezani kinasaidia sana: kikisoma kati ya asilimia 40 na 60, hali ni nzuri. Kabati nalo liachiwe nafasi ya vidole vichache kutoka ukutani.

Mianya ya milango na madirisha hutambulika kwa kupitisha mkono uliolowa pembezoni mwake, kisha huzibwa kwa utepe wa sponji wenye gundi. Matundu ya kupitishia hewa yaliyojengwa makusudi yasizibwe kamwe, hasa penye jiko la gesi au la kuni, kwa kuwa hewa ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, nayo huua. Jiko la mkaa halipaswi kuwashwa ndani, hata kwa dakika chache, na kengele ya kuitambua hewa hiyo ni ya lazima.

Hapo sasa ndipo urembo unapokuja, na kwangu mimi urembo wa kwanza ni mwanga. Taa moja kali ya darini hukifanya chumba kifanane na ofisi; taa mbili tatu fupi zenye balbu za kelvini 2700, yaani za mwanga wa manjano tulivu, zikiwekwa pembeni na karibu na kiti, hukituliza chumba. Zulia nene hufaa zaidi juu ya sakafu ya mbao au vigae, nayo mapazia mazito yafungwe jua linapozama na kufunguliwa mapema asubuhi ili mwanga mchache uliopo uingie. Foronya za mito za rangi ya haradali, kahawia au udongo zinatosha kubadilisha sura ya sebule. Majani yaliyookotwa njiani yabanwe kwanza katikati ya karatasi chini ya vitabu vizito hadi yakauke, vinginevyo hujikunja. Boga zima lisilo na jeraha hukaa wiki nyingi mahali pakavu penye ubaridi, bali lililochongwa huanza kuoza ndani ya siku chache, kwa hiyo lichongwe karibu na siku linapohitajika, na liwekwe nje.