Neno "hamna shida" lilivyonigharimu

Nyumba yetu ya Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, ina vyumba vitatu vya wageni, kimoja cha mbele kinachotazama bahari na viwili vya nyuma vinavyotazama minazi aliyoipanda marehemu baba pamoja na ukuta wa jirani. Huu ni mwaka wa saba tangu tuanze kupokea wageni, mama akiwa jikoni na mimi nikiwa kila mahali pengine, na katika muda huo nimefikia kuamini kwamba wengi katika wageni wasumbufu hutengenezwa na mwenyeji mwenyewe kabla hawajashuka garini. Mimi niliwatengeneza wangu kwa maneno mawili tu: hamna shida.

Sisi tumelelewa kumwona mwenye kukataa waziwazi kuwa ni mtu asiye na adabu. Ukiombwa jambo usiloliweza, unasema "inshallah" au "tutaangalia", na aliyekuomba, akiwa ni mtu wa hapa, anafahamu kwa namna ulivyolivuta neno kwamba jambo hilo halipo. Mgeni aliyetoka mbali haisikii ile namna ya kulivuta. Yeye husikia ahadi, akaihifadhi katika simu, na siku ya kufika akaidai kama deni. Ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba ni deni kweli.

Funzo la kwanza lilitoka baharini. Walikuja mume na mke kutoka Ulaya ambao kabla ya kulipia waliniuliza kama wataweza kuogelea mbele ya nyumba, nami nikawajibu kwamba hamna shida, bahari iko mlangoni. Walifika saa kumi jioni, siku ya mwezi mpevu, maji yakiwa yamejaa mpaka yanalamba ukuta, wakafurahi na kupiga picha. Kesho yake saa nne na nusu asubuhi nilimkuta yule bwana barazani, taulo begani na picha ya jana mkononi, akitazama mchanga mtupu, majani ya bahari na vijiti vya mwani, na mawimbi yakiwa mstari mweupe kule mwambani, zaidi ya kilomita moja. Aliniuliza, kwa utulivu uliokuwa mbaya kuliko makelele, bahari imekwenda wapi na itarejeshwa lini.

Kwa mtoto wa Jambiani swali hilo ni kichekesho. Kila mtu hapa anajua kwamba wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hujaa alfajiri na jioni na hupwa kati ya saa nne na saa tano, ndiyo maana kina mama wanaolima mwani huteremka pwani saa hizo; wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo huwa kinyume, na bahari haiondoki mbali sana. Lakini yule bwana alikuwa hajui, na mimi niliyejua nilinyamaza kwa kuogopa kupoteza wageni wa siku tano. Alitaka arejeshewe nusu ya fedha. Nilimrejeshea usiku mmoja, nikamtafutia dereva wa kuwapeleka upande wa kaskazini, Nungwi, ambako maji hayaendi mbali kama huku, na usiku ule nikakaa na daftari nikaandika saa za maji za mwezi mzima. Tangu hapo kila anayeuliza chumba anapelekewa saa za maji kwa tarehe zake, pamoja na maelezo kwamba saa hizo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50 kila siku. Wapo wanaosoma na kwenda kupanga kwingine. Wanaobaki huniuliza saa ngapi wateremke kuwatazama kina mama wakifunga mwani, nami huwaomba kitu kimoja tu, wasikanyage kamba za mwani.

Kiyoyozi nilikishughulikia kwa namna hiyohiyo, ingawa kwa hasara ndogo zaidi. Mgeni mmoja alikiacha kikifanya kazi kutwa nzima, madirisha wazi, yeye mwenyewe yuko pwani, na umeme wa tukuza, ule wa kulipia kabla, niliodhani utatosha wiki ukaisha kwa siku mbili. Siku hizi kiasi cha umeme kilichomo katika bei kimetajwa, na kinachozidi mgeni hujinunulia.

La pweza lilikuwa zito zaidi, kwa sababu lilinigombanisha na mama.

Mgeni mmoja aliomba asubuhi apikiwe pweza wa nazi kwa chakula cha usiku, wao wakiwa watu wanne. Mama alitoka mwenyewe kuwasubiri wachokoaji wa pweza wanaporudi kutoka mwambani, akachagua pweza wa kilo mbili na kitu, akamponda, akamchemsha kwa maji yake mwenyewe mpaka akalainika, akakuna nazi tatu na kuliweka tui zito kando ili litiwe mwisho. Saa moja usiku, sufuria ikiwa jikoni na harufu imeshafika kwa majirani, yule mgeni alipita ukumbini amevaa vizuri na kutuarifu kwamba wamebadilisha mawazo, wanakwenda kula Paje. Nilipomwambia kwamba chakula kitahesabiwa, alishangaa: atalipiaje kitu ambacho hakukila?

Mama aliniita jikoni. "Mwanangu, mgeni hapigiwi hesabu ya chungu," alisema. "Tutakula wenyewe, na jirani tutampelekea."

"Sawa mama, lakini huyu ni mgeni wa kulipa, na pweza tumemnunua."

"Basi usimwite mgeni."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina jibu kamili. Methali ya mgeni siku mbili, ya tatu umpe jembe ilitungwa na watu ambao wageni wao hawakulipia siku ya tatu mapema kwa kadi ya benki. Huyu wangu ningempa jembe kwa uso gani? Ukarimu wa mama haukuwa na bei, nami nilikuwa nimeutangaza ukiwa na bei, kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa akizungumza habari ya mtu tofauti aliyelala chumba kilekile. Mwisho nilimtoza yule bwana gharama ya pweza na nazi, si ya kazi ya mama, na alilipa huku amenuna. Mama naye alininunia siku mbili. Sasa anayetaka chakula cha usiku hukiagiza kabla ya saa nne asubuhi na kukilipia palepale, na fedha hizo hupokelewa nami peke yangu, kwani mama amekataa kuzishika.

Ningekuwa si mkweli nikiacha picha kwamba wote waliolalamika walikuwa wabaya. Bibi mmoja aliyekaa siku sita aliniletea malalamiko kila asubuhi pamoja na chai: mlango wa choo unalia, taa ya ngazini haiwaki, mto una uvundo, chandarua kina tundu. Nilishamwekea jina la utani, sitalitaja. Siku ya nne, kwa hasira, nilipanda kitandani kukikagua chandarua ili nimwonyeshe kwamba hakina kitu, nikakuta karibu na pembe tundu linaloingia vidole viwili, na pembeni yake lingine lililofungwa fundo kwa uzi mwekundu. Uzi ulikuwa wangu. Nililifunga mwenyewe msimu uliopita nikasahau. Nilibadilisha vyandarua vyote vitatu wiki ile, nikatupa mito miwili, na taa ya ngazini ikatengenezwa. Bibi yule alinichosha kuliko mgeni yeyote, na nyumba ilinufaika naye kuliko yeyote.

Yako hata hivyo maombi ambayo sitafuti njia ya kuyatimiza. Msikiti uko jirani, na kila mwaka hutokea mgeni anayeuliza kama adhana ya alfajiri inaweza kupunguzwa sauti, na mwezi wa Ramadhani huongeza na wapiga ngoma za daku. Zamani nilikuwa natabasamu na kusema nitazungumza nao, jambo ambalo sikulifanya hata siku moja. Sasa nasema kwamba jambo hilo halimo mkononi mwangu, na hata lingekuwamo nisingeligusa, kisha nampa vizibo vya masikio. Anayetaka kwenda dukani na nguo ya kuogelea nampa kanga na kumwonyesha namna ya kuifunga. Sijapata aliyekasirika kwa hayo, na hilo limenishangaza, kwa maana nilikuwa nikiliogopa neno "hapana" kwa miaka.

Fedha ni habari nyingine. Tangu Oktoba 1, 2024 wageni kutoka nje wanaoingia Zanzibar wanatakiwa kuwa na bima ya hapa ya dola 44, na wapo waliofika kwangu wakitaka niikate katika bei ya chumba kwa sababu hawakuambiwa na mtu. Bima si yangu, lakini kimya kilikuwa changu pia, kwa hiyo nayo imeingia katika ujumbe wa kwanza. Aliyenitishia kwamba nisipompunguzia nusu ya bei ataandika mabaya mtandaoni nilimwomba anitumie madai yake kwa maandishi, akaandika, nikakataa kwa maandishi. Mabaya aliyaandika kweli. Nilijibu chini yake kwa sentensi tatu zisizo na hasira, na hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kufua mashuka ya vyumba vitatu, kwa sababu rasimu ya kwanza ilikuwa na sentensi ishirini.

Jana usiku mtu anayetarajia kuja mwezi ujao aliuliza kama jogoo wa jirani, aliyemsoma katika maoni ya wageni waliopita, anaweza kufungiwa. Nilimjibu kwamba jogoo si wangu, kwamba huanza saa kumi alfajiri na hupumzika kidogo kabla ya saa kumi na mbili, na kwamba chumba cha mbele kiko mbali naye kuliko vile viwili vya nyuma, ila bei yake imezidi kwa sababu ya bahari, ambayo nayo saa nne asubuhi ya tarehe zake haitakuwapo. Amekichukua cha mbele.