Alpi kwa baiskeli: tumeanza na viza, milima ikafuata

Kila tukimwambia mtu hapa Moshi kwamba mimi na chalii wangu wa Arusha tunapanga kuvuka milima ya Alpi, kule Ulaya, kwa baiskeli, anauliza baiskeli gani na itapandaje ndege. Asee baiskeli haina shida, iko kwa fundi imelala. Kinachokula muda ni viza, maana ndo inaamua unaanzia wapi, unalala wapi na unatoka lini, ukishajua hayo ndo unarudi kwenye ramani.

Iko hivi. Viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na kama siku zinalingana basi unaomba ile utakayoingilia. Sasa njia yetu inagusa Ujerumani, Austria, kipande kidogo cha Uswisi halafu Italia (Uswisi haimo Umoja wa Ulaya lakini Schengen imo, kwa hiyo viza ni hiyohiyo moja). Mwanzoni siku nyingi zilikuwa zinaangukia Italia, ila binamu yangu anaishi Augsburg, na mwenyeji wa Ujerumani anaweza kwenda ofisi ya serikali ya kule akasaini udhamini rasmi wa gharama zako zote, karatasi hiyo ina uzito kuliko stetimenti yangu ya benki na vijihela vyake. Basi tukapanga upya, tunakaa kwa binamu siku kadhaa kabla ya kuanza, tukimaliza Verona, Italia, tunarudi kwake kwa treni, na hesabu ya siku ikahamia Ujerumani bila kupunguza mlima hata mmoja.

Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, wakikunyima hairudi. Bima ya safari lazima ifike angalau euro 30,000, na hapo soma yale maandishi madogo uone kama wanakubali baiskeli milimani maana kuna bima zinakubali utalii wa kupiga picha tu. Maombi unaweza kupeleka kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla, ila wewe mtu wa Moshi ambaye kuweka alama za vidole tu ni mpaka upande basi uende Dar, hizo siku 15 usizitegemee kabisa.

Haya, njia sasa. Tumechagua Via Claudia Augusta, barabara ya Warumi iliyoanza kutengenezwa mwaka 15 kabla ya Kristo na ikakamilika enzi za Kaisari Klaudio, mwaka 46 hadi 47. Siku hizi ni njia ya baiskeli yenye vibao, inatoka Donauwörth, inapita Augsburg kwa binamu, inapandisha na mto Lech hadi Füssen ndo inaingia milimani. Niliipendea kitu kimoja: Warumi walikuwa na mikokoteni, kwa hiyo walitafuta pale mgongo wa milima ulipolegea. Sehemu ya kwanza ya kuvukia milima ni Fernpass, mita 1,200 na kidogo, ya pili Reschen, mita 1,500 hivi. Mtu aliyezoea kupanda Machame, huku Kilimanjaro, hawezi kuogopa mita 1,500, ila mitandaoni wote wanakutajia ile milima ya mita 2,000 na ushee kana kwamba bila hiyo hujafika Alpi.

Kitu ambacho chalii alichelewa kunielewa ni kwamba kule kilomita hazikuambii lolote. Augsburg hadi Füssen unaendesha kilomita zaidi ya 100 huku unapiga stori, halafu kuna siku ya kilomita 50 itakayokumaliza. Fernpass yenyewe ukiacha barabara ya magari, ambayo kiangazi inajaa foleni ya watu wanaoenda likizo, unapita msituni kwenye mawe na mizizi, na kuna vibasi vinabeba baiskeli kwa wasiotaka shida. Baada ya Landeck unaingia Uswisi kidogo pale Martina, unapanda kona 11 hadi Norbertshöhe, unaangukia Nauders Austria, kutoka hapo Reschen ni karibu. Kwa hiyo nimepanga kila siku kwa mita za kupanda, siku ikizidi mita 1,000 na mizigo basi kesho yake inakuwa nyepesi, kilomita naziangalia mwishoni ili tu nijue tutafika kabla maduka hayajafungwa. Na maduka yanafungwa kweli, Ujerumani na Austria Jumapili karibu yote yamefungwa, usitegemee kuna mangi pembeni atakufungulia dirisha.

Ukishavuka Reschen kuna ziwa lina mnara wa kanisa umesimama katikati ya maji, kijiji cha Graun kilizamishwa 1950 kwa ajili ya bwawa la umeme, mnara ukabaki. Hapo tutapiga picha kama kila mtu.

Halafu Prato, mji mdogo wa Italia, na hapa ndo ugomvi wetu ulipo. Kutoka Prato kuna barabara ya Stelvio, kona 48, kilomita kama 25, hadi mita 2,757. Prato iko kwenye mita 900 na kidogo, yaani karibu usawa na huku kwetu, na juu ni kama kibanda cha Mandara, kituo cha kulala wapanda Kilimanjaro, kwa hiyo ni kama utoke Moshi mjini ufike Mandara ukiwa umekaa kwenye siti, lami mwanzo mwisho. Hewa haitatusumbua, miguu ndo itasema. Ila hali ya hewa ya juu kule haina adabu, hata Agosti theluji inaweza kushuka, na mchana radi zinapenda kuanza, kwa hiyo ni kuondoka alfajiri au kuacha. Baada ya hapo ni kushuka na mashamba ya matufaa hadi Merano, Bolzano, Trento, lakini msidanganyike na neno kushuka, mchana bonde lile linapiga upepo kutoka kusini unakuja usoni, alfajiri tena.

Vifaa havijatusumbua. Majaketi ya mvua tumeyatoa Memorial, soko la mitumba la Moshi, yametoka Ulaya kwa belo na sasa yanarudi kwao kwa ndege. Slipingi begi tumeazima kwa jamaa wa mlimani. Mabegi ya fremu tumeshonewa na fundi wa maturubai: aliikalisha baiskeli chini, akalikata boksi la juisi kufuata ile pembetatu ya fremu, akalijaribisha mara kadhaa huku anapunguza kwa wembe, halafu ndo akagusa turubai. Fundi baiskeli naye aliinua gurudumu la nyuma, akazungusha padeli, akaniangalia, "Dogo, na mzigo huu meno ya mbele ni mengi, utashuka usukume." Kabadilisha, sasa meno ya mbele ni machache kuliko ya giya kubwa ya nyuma. Breki pedi tunabeba za ziada, kushuka Stelvio na mzigo siyo kushuka kutoka hospitali ya KCMC, hapa Moshi.

Kulala ni kempu zenye leseni. Kupiga hema popote Tyrol hairuhusiwi na Italia upande ule hivyohivyo, faini zake zinaweza kumaliza bajeti ya chakula. Siku za mvua tumetenga hela ya chumba.

Kabla ya hapo tunajaribu mzigo kwa kuzunguka mlima wetu, Kilimanjaro: Himo, Marangu, Mwika, Mkuu, Tarakea, Kamwanga, Sanya Juu, tunatokea Boma Ng'ombe. Kama kuna kamba italegea ilegee Tarakea ambako kuna shangazi.

Ugomvi wenyewe sasa. Chalii anataka apande Stelvio na mizigo yote halafu ashukie upande wa pili, Bormio, anasema kurudi njia uliyopandia ni uoga. Nimemfungulia ramani, ukishukia Bormio umeshatoka kwenye bonde letu, kurudi Merano ni kuvuka mlima mwingine au treni ambazo hatujazipangia siku, na siku ndo zilezile tulizoandika kwenye fomu ya viza. Bado anabisha. Mimi hema na mabegi yangu yanabaki kempu Prato.